Sauti Kando ya Skrini: Kumbukumbu ya Vibanda vya Sinema vya Kasese na Bwera

Sinema ya mji mkubwa ikifa, jengo lake hubaki. Ukipita Kampala utaonyeshwa ilipokuwa Norman, na hata kama ndani yake watu wa kanisa liitwalo Watoto walikuja kumwimbia Mungu, wazee wanakumbuka waliketi upande gani. Unguja wanaendelea kutaja Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, msanifu yule aliyechora majengo mengi ya serikali pale mjini. Dar es Salaam wana Avalon na Empire midomoni, na sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1966. Majina hayo yameandikiwa vitabu, nayo yanastahili.

Kumbi za Kasese na Bwera hazina jiwe la msingi. Zilijengwa kwa mbao za misonobari, mabati, mikeka ya mafunjo na maturubai meusi. Mwenye ukumbi akihama, mbao zilihama naye. Kiwanja kikipata mnunuzi, asubuhi ya pili palikuwa na duka la simenti. Ndiyo maana watu wengi hudhani sehemu hizi za magharibi mwa Uganda, chini ya Rwenzori, hazikuwahi kuwa na sinema ya kukumbukwa. Zilikuwa nayo, na ilidumu zaidi ya miaka thelathini, na imelea vizazi viwili vya watazamaji. Ila anayeitafuta kwa kuangalia majengo hataiona. Aitafute kwa sikio, kwa maana kilichoifanya taasisi hii isimame ni mtu aliyeketi kando ya skrini na kipaza sauti mkononi, akiwasimulia wenzake kinachotokea.

Mtu huyo hakuzaliwa na video. Watu wa milimani walikuwa na jukwaa tangu zamani. Bakonzo wana endara, marimba makubwa ya magogo yanayolazwa juu ya migomba miwili iliyokatwa na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, huku wengine wakicheza na kuitikia. Wana pia eluma, zile filimbi za kundi ambazo kila mpigaji ana noti yake, na wimbo hautimii mpaka wote wapokezane. Ukumbi wao ulikuwa uwanja wa nyumba yenye shughuli. Magogo yakipangwa hapo ndipo palipo na tamasha. Migomba ikinyauka, tamasha limekwisha. Nyimbo nazo zilibeba habari. Katika miaka ya vuguvugu la Rwenzururu, lililojitangazia utawala wake tarehe 30 Juni 1962 likiongozwa na Isaya Mukirane, wimbo ndio uliopeleka habari kutoka bonde hadi bonde. Peter Cooke na Martin Doornbos walizichunguza nyimbo hizo za upinzani na kuchapisha makala juu yake mwaka 1982. Kwa hiyo, picha zilipofika, zilikuta watu waliokwisha zoea kusimuliwa mambo mazito hadharani, na waliokuwa wepesi wa kujibu.

Picha zilianza kuja na lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio kubwa la filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham walitengeneza huko filamu 35 zikihusu kilimo, afya, posta, akiba ya fedha na mengineyo, kisha gari lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi nchi za kusini, likiwaonyesha watu kwenye viwanja vya wazi. Sauti iliwekwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1939 London ikaanzisha idara yake ya filamu za makoloni, na baada ya vita magari ya sinema ya serikali yakawa jambo la kawaida Uganda: skrini inafungwa, jenereta linanguruma, na kando yake anasimama mfasiri akieleza kwa lugha ya mahali kile kinachoonekana.

Mfasiri huyo ndiye babu wa wasimulizi wetu. Aliletwa aseme yaliyoandikwa. Lakini mtu mwenye kipaza sauti mbele ya kijiji kizima, usiku, hawezi kuishia kwenye maandishi. Atamtaja mkulima mvivu anayefanana na jirani, atauliza swali na umati utajibu, atasubiri kicheko kipite ndipo aendelee. William Sellers, aliyeiongoza idara ile ya London, alikuwa na imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Alitaka picha ziende polepole, tukio moja kwa wakati, bila kurukaruka kutoka mahali hadi mahali, maana aliamini akili ya mtazamaji itapotea njiani. Mawazo hayo yaliandikwa, yakachapishwa, na yakaongoza utengenezaji wa filamu kwa miaka. Nayataja kwa sababu vibanda vya Bwera vimeyakanusha kwa matendo. Vijana ambao babu zao walidhaniwa hawawezi kumfuatilia mtu anayevuka barabara kwenye picha, walikuja kutazama mapigano ya Hong Kong yenye mikato mitatu kwa pumzi moja, katika lugha wasiyoijua, na hawakupotea hata kidogo. Walichohitaji ni mtu wa kuzungumza nao.

Kasese yenyewe ni mji wa reli na shaba. Reli ya magharibi kutoka Kampala ilifika mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi wa Kilembe, bondeni mwa mto Nyamwamba, ukaanza kutoa shaba iliyosafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu Uganda ilizouza nje, ikizifuata kahawa na pamba. Maelfu ya wafanyakazi walikuja kutoka kila upande: Bakonzo na Batoro, Bakiga na Banyankole, Waacholi na Waalur, watu wa Kenya, watu wa Kongo. Mgodi ulijenga mtambo wake wa umeme kwenye mto Mubuku, wa megawati tano, na hivyo bonde hilo likawa na taa wakati miji mingine mingi ya Uganda ingali inalala gizani. Mambo matatu yakakutana hapo ambayo sinema yoyote inayahitaji: umeme, mshahara wa mwisho wa mwezi, na watu walio mbali na kwao wenye jioni ya kupitisha. La nne lilikuwa lugha. Kambini, relini na sokoni, Kiswahili ndicho kilichowafanya watu hao waelewane, na mpaka leo mtu wa Kasese hukitumia bila kujiuliza, tofauti na ndugu zake wa Kampala.

Sinema rasmi za Uganda, na biashara ya kusambaza filamu, zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku tisini waondoke. Kumbi za Kampala zilipewa wenyewe wapya, lakini ukumbi bila msambazaji ni ghala tu. Mikanda ikawa haiji, mashine zikakosa vipuri, na vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin na vile vilivyofuata vikamaliza mazoea ya kutoka usiku. Kilembe nayo ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Mji uliojengwa kwa shaba ukabaki na reli, soko na watu wengi wasio na kazi.

Hapo ndipo video ilipoingia. Kaseti ya VHS, iliyozinduliwa Japani mwaka 1976, ilifanya jambo ambalo waandishi wa historia ya sinema hulipita haraka mno: ilimwondoa bwana mkubwa. Hapakuhitajika tena mashine ya kuonyeshea ya thamani ya nyumba, wala mkataba na msambazaji wa Bombay au London. Televisheni moja, deki moja, jenereta dogo na mabenchi, basi. Baada ya vita vya msituni kwisha mwaka 1986 vibanda vikazuka Uganda nzima, vikiitwa kwa jina hilo hilo la Kiswahili hata na wasemao Luganda, waliolipatia kiambishi chao wakasema bibanda.

Aliyekaa humo hasahau. Mlango ulikuwa gunia au blanketi, na mwanga wa mchana ulipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati ukatoboa giza kwa vijistari. Mabenchi yalikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya vigingi vilivyochimbiwa ardhini, ya mbele yakiwa mafupi zaidi ili watoto wasiwazibe wakubwa. Televisheni iliwekwa juu kabisa, ndani ya kasha lenye kufuli. Nje palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo, na spika iliyowamwagia wapita njia milio ya bunduki za bure ili washawishike kuingia. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili, mia tatu, baadaye mia tano. Joto la Kasese mnalijua. Chini ya mabati saa nane mchana, na watu wamebanana bega kwa bega, mtu alitoka na shati limelowa kama aliyevuka mto. Hakuna aliyelalamika. Ndani ya kibanda mwanafunzi, mpagazi wa soko, fundi baiskeli na askari aliye likizoni waliketi benchi moja, na hilo sinema za zamani za Afrika Mashariki, zenye viti vya juu na viti vya chini, hazikuwahi kuliweza.

Filamu zilikuwa za Marekani, Hong Kong na India, baadaye na za Nigeria. Schwarzenegger wa *Commando* na Stallone wa *Rambo* walijulikana kuliko mawaziri. Bruce Lee alikuwa amekufa tangu 1973, na bado alishangiliwa kila Jumamosi kama mtu anayetarajiwa kushuka kwenye basi. Lakini maneno yao nani aliyaelewa? Kiingereza cha Marekani kinachotoka kwenye spika iliyopasuka hakimsaidii hata mwalimu. Basi mwenye kibanda, au kijana wake mwenye ulimi, alipunguza sauti ya televisheni, akashika kipaza sauti, akaanza.

Waganda humwita VJ. Kampala ndiko jina hilo lilikokua, na VJ Lingo hutajwa miongoni mwa waanzilishi. Baada yake wakaja kina VJ Jingo na VJ Junior, ambao sauti zao zilirekodiwa juu ya kanda na kuuzwa nchi nzima. Sanaa hiyo ilivuka mipaka. Tanzania ilimpata Lufufu, ambaye kanda zake za Kiswahili zilitazamwa mpaka vijijini, na Kenya ikampata DJ Afro. Kote huko kazi ni moja, ila kila mahali ina chumvi yake. Msimulizi wa Kampala alizungumza na watu wa lugha moja. Wa Kasese, na zaidi yake wa Bwera, aliwakuta kwenye mabenchi Mkonzo, Mnande, Mtoro, dereva wa lori wa Kisomali na mama wa Butembo aliyeuza vitenge vyake mapema. Kwa watu hao msimulizi hakuweza kushika lugha moja. Alikwenda na Kiswahili kama barabara kuu, akachepuka kwenye Lhukonzo, lugha ya Bakonzo, pale penye mzaha, akarudi.

Bwera inahitaji kuelezwa kidogo kwa msomaji wa mbali. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, karibu kabisa na Mpondwe, na mto Lhubiriha ndio unaoitenga Uganda na Kongo. Ng'ambo ni Kasindi, kisha barabara inakwenda Beni na Butembo. Bakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni watu wa lugha moja. Mpaka uliwapitia katikati wakiwa wamelala, na walipoamka waliendelea kuoana. Siku za soko daraja halipumui. Wanavuka na kahawa, samaki, vitenge, mafuta ya mawese, sabuni, chumvi ya Katwe. Muziki nao ulivuka. Rumba ya Franco na OK Jazz ilisikika Bwera si kama kitu cha nje. Ilikuwa ya jirani. Kibanda kilichokuwa karibu na soko kilikuwa cha mataifa mawili. Aliyekosa usafiri wa kurudi aliingia humo kungoja, akatoka na hadithi ya kupeleka nyumbani, imekwisha tafsiriwa katika lugha ambayo watoto wake wataielewa.

Na hadithi yenyewe ilikuwa imebadilika. Msimulizi hodari hakufasiri. Aliwapa watu wa filamu ukoo, aliwapangia nyumba Kilembe, alimfanya jambazi awe na deni dukani. Jenerali wa Kimarekani akitoa amri, msimulizi aliitoa kwa lafudhi ya mkuu wa kituo ambaye wote wanamjua. Mwanamke akilia kwa Kihindi, msimulizi alieleza mahari ilivyokataliwa, na kina mama wa nyuma wakaguna kwa uchungu wa kweli. Alijua wapi anyamaze pia. Kabla ya pigo la mwisho aliacha picha iseme, kisha akalipokea kwa sauti iliyotetemesha mabati. Ukitaka kuona sanaa hiyo imefika wapi, itazame *Who Killed Captain Alex*, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Ndani yake msimulizi, VJ Emmie, ni sehemu ya filamu, akicheka na kushangilia pamoja na mtazamaji, na ulimwengu mzima uliipenda kwa hilo. Waliolelewa kwenye vibanda hawakushangaa. Kwao filamu isiyo na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa na upungufu.

Sitaficha kwamba vibanda vilikuwa na mashitaka yake, mengine ya haki. Watoto walitoroka shule. Usiku baadhi ya wenye kumbi walionyesha picha ambazo mtoto hakupaswa kuziona, na wengine hawakumzuia aingie. Karibu kila kanda iliyochezwa ilikuwa nakala ya wizi. Aliyeitengeneza filamu hakuona hata senti. Sheria ya vyombo vya habari vya kielektroniki ya mwaka 1996 iliwataka wenye kumbi wawe na leseni, na sheria ya hakimiliki ya 2006 ikaongeza hofu. Walimu, mapadri na masheikh walihubiri dhidi yao. Nakubali walikuwa na sababu. Lakini mji usio na maktaba ya umma wala uwanja wa maana wa vijana hauna haki ya kuwalaumu vijana kwa kwenda mahali pekee palipofunguliwa kwa ajili yao, na waliopiga kelele zaidi hawakujenga pengine pa kwenda.

Kilichoviumiza vibanda zaidi ya mahubiri ni usiku wenyewe kuwa na hatari. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa iliyofuata watu wa milimani waliishi kambini, wakiogopa giza. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kampala waliuawa kwa mabomu, zaidi ya sabini, na tangu hapo kila ukumbi Uganda ulitakiwa kuwa na mtu wa kupekua mlangoni. Novemba 2016 damu ilimwagika Kasese kwenye ikulu ya ufalme wa Rwenzururu, zaidi ya watu mia moja wakafa. Juni 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola wa mlipuko uliokuwa Kongo kuthibitishwa ndani ya Uganda, mtoto wa miaka mitano, alipatikana hospitali ya Bwera, na watu wakaacha hata kupeana mikono. Kisha korona: kumbi za burudani zilifungwa Machi 2020, na maisha ya usiku hayakuruhusiwa tena mpaka Januari 2022. Kibanda kisichopata kiingilio kwa karibu miaka miwili hakifunguki tena. Mbao zake zimekwisha kuwa banda la kuku. Na Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, ilivamiwa usiku na wanafunzi wakauawa bwenini. Kwa wazazi wa Bwera baada ya hapo, kumruhusu kijana atoke jioni hata kwenda kutazama mpira lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Mpira, kwa kweli, ndio ulioviokoa vile vilivyobaki. Dishi la setilaiti lilipofika, Arsenal na Manchester United waliwatoa Rambo na Commando ubaoni. Kumbi za leo zina televisheni bapa nne ukutani na mtangazaji wa Kiingereza ambaye hakuna anayemsikiliza, kwa sababu kila benchi lina mtangazaji wake. Sina ugomvi na mpira. Ila mpira haumhitaji msimulizi.

Filamu zenyewe zimehamia kwenye simu na vijiti vya flashi. Ukiingia kwenye duka la kunakilia filamu katika mji wa Kasese, utaulizwa unataka iliyosimuliwa na nani, kama vile zamani kitabu kilivyotafutwa kwa jina la mwandishi. Lakini sauti zinazouzwa humo ni za Kampala, kwa Luganda. Wale waliosimulia kwa Kiswahili na Lhukonzo kando ya soko la Mpondwe hawakurekodiwa. Walisimulia moja kwa moja, kila onyesho likiwa jipya, na lilipokwisha lilikwisha.

Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya sauti iliyopewa jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa mlinzi wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu 1948 hadi 1957, na aliyezunguka nchi akirekodi muziki wa makabila, Bakonzo wakiwamo. Kanda zake zilikaa London miongo mingi kabla ya nakala zake kurudishwa nyumbani. Kwa sababu alibeba mashine yake hadi huku, mjukuu anaweza leo kusikia filimbi walizopiga watu wa kizazi cha babu yake. Wasimulizi wa vibanda hawajapata mgeni wa namna hiyo, na hawamhitaji mgeni. Wengi wao wako hai, wana miaka hamsini na sitini, wengine wana maduka, wengine bodaboda. Kijana mmoja wa Bwera mwenye simu nzuri anaweza kumketisha mmoja wao mbele ya *Commando*, azime sauti ya filamu, ampe kipaza sauti, arekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nakala moja aipeleke Makerere na nyingine aiache kwenye duka la flashi pale sokoni, ambako wateja wataiulizia kwa jina lake.